Joka Nililolimaliza Kabla ya Wakati

Wewe mwenye watoto, sogea nikusimulie lililonipata Jumamosi katika ukumbi mmoja wa Takoma Park, huku Marekani.

Tulikwenda familia nzima kutazama mchezo wa kuigiza. Msichana anaingia mapangoni kumtafuta mama yake aliyepotea, na humo anafukuzwa na joka. Binti yangu Neema alikuwa hajawahi kuona maigizo, nami nilihofia asije akatishika, akayachukia moja kwa moja. Kwa hiyo nilisoma kisa chote mapema.

Taa zilipozimwa nikaanza kumweleza kwa Kiswahili, taratibu, kama ninavyoeleza kila kitu. Wala sikunong'ona sana. Ukishaishi huku miaka mingi, unaigeuza lugha yako kuwa pazia, ukidhani hakuna jirani anayeielewa. Neema aliniomba kwa Kiingereza ninyamaze. Nikadhani ni woga.

"Usiogope, mwanangu," nikamwambia. "Hilo joka ndilo mama yake, amerogwa tu. Mwishoni atarudi kuwa mtu."

Mwanamke wa kiti cha mbele akageuka. Kando yake mtoto wa kiume alikuwa ameinamisha kichwa, analia kimyakimya.

"Papa," mwanamke akaniambia kwa Kiswahili cha Kongo, "huyu mtoto anasikiaka Kiswahili. Wiki yote alikuwa anangoja kujua kama ule mama ataonekana."

Mimi, mweleza mambo, nikamshika Neema mkono.

Mwandae mtoto wako nyumbani, kabla hamjatoka. Taa zikizimwa, mshike mkono na unyamaze.