Siku Nilipomsahihisha Kukhu

Wiki iliyopita, karibu na Malava, mama muuza viazi vitamu alinisalimu kwa lugha ya kwetu. Nikamjibu kwa Kiswahili cha redioni. Akanipandishia bei papo hapo, na nilistahili.

Miaka ile bendera ilipokuwa bado mpya, Jumamosi zetu zilinukia karanga za kukaanga. Kwenye baraza la kukhu, yaani nyanya yangu, walikuja wageni wawili: mwalimu wetu, mzungu wa Ireland, na jirani fundi cherehani, Mwislamu wa Mumias. Walibadilishana maneno kama wengine wanavyobadilishana mbegu. Jumamosi moja mwalimu alisema kwao ng'ombe ni "bo". Akiwa wangu huanza kwa "v", akiwa wetu huanza kwa "m".

"Akibadilisha mwenyewe anabadilisha jina?" fundi akauliza. "Hiyo ni ng'ombe ya wizi, mwalimu."

Yeye akaleta maneno yake, "kitabu", "katibu" na "maktaba": k, t na b za Kiarabu hazibanduki, sauti za katikati ndizo zinazohama. Kukhu akatoa ulimi nje. "Olulimi," akasema. Kisha akazionyesha ndimi zetu sote kwa kidole: "Tsinimi." Ile "l" ilikuwa imegeuka "n". Mwalimu alisimama kwa furaha, akamwomba arudie.

Mimi nilikuwa nimetoka kufaulu mtihani wa kwenda sekondari. Nikaona aibu.

"Kukhu, usituaibishe," nikasema. "Lugha yenu haina mpango. Mwalimu anakucheka."

Kukhu aliendelea kumenya karanga. "Basi," akasema, "na wewe nitasemanga Kiswahili."

Nilidhani ni hasira ya siku moja. Kuanzia jioni ile aliniita kula kwa Kiswahili cha kuungaunga, huku binamu zangu wakiitiwa obusuma, ugali ule ule, wakitaniwa na kukemewa kwa lugha yake. Hata vitendawili alinitafsiria swali, akaniachia makapi.

Mwalimu alirudi kwao, fundi akafariki, na pale palipokuwa na baraza pamelimwa miwa. Mimi nilipata shahada kwa kueleza yale yale ya "bo" na kitabu, kurasa nyingi zaidi, karanga hamna. Kukhu alipozidiwa, tulipanga foleni kitandani pake. Kila mjukuu alitemewa mate ya baraka kifuani, akaambiwa maneno marefu, kwa sauti ya chini. Nilipofika mimi, akameza mate, akanipa mkono.

"Asante kwa kuja," akasema.