Bwawa la Mzee Mansuri

Mwanvita alikuwa muuguzi mstaafu, mtu asiyependa kubahatisha. Mumewe Mansuri alipopooza upande wa kulia, daktari alisema mazoezi ya majini yangemsaidia, na watoto wao wakachanga kuwajengea bwawa dogo nyuma ya nyumba yao ya Kola, hapa Morogoro mjini. Aliyelitunza aliitwa Anselmi, mkulima wa Kinole, huko milimani, aliyeteremka kutafuta kibarua.

Anselmi hakuishia kuopoa majani na kutia dawa. Asubuhi alimshika mzee kwapani, wakaingia majini polepole huku wakitaniana, na Mansuri, ambaye maneno yalikuwa yakimkwama mdomoni, akaanza tena kucheka kwa sauti. Ikafika wakati akaweza kuvuka bwawa akiwa ameshikwa mkono tu.

Kisha maji yakaanza kubadilika. Mwanvita alinunua vidonge zaidi vya klorini, lakini kuta ziliteleza na maji yakawa kijani kama ya dimbwi. Ndoo ya vidonge inakwisha, maji hayatakati. Akawaza kiuguzi: dawa isipofanya kazi, huenda mgonjwa hapewi.

"Anselmi, dawa yangu unaipeleka wapi?"

"Naitia humu humu, mama. Mungu ni shahidi."

"Ingekuwa humu, maji yangekuwa hivi? Unaiuza."

Anselmi alimtazama, kisha akamtazama mzee aliyekaa kibarazani. Alikusanya nguo zake, akamwambia Mansuri, "Kwaheri, baba," akaondoka. Mwanvita hakuona kuwa inatosha. Aliwapigia simu majirani wenye mabwawa, akawaonya, nao wakamfungia Anselmi mageti yao.

Mtunzaji mpya alitia vidonge huku Mwanvita mwenyewe amesimama pembeni. Maji yakabaki kijani. Hapo ndipo alipojaza chupa maji hayo na kuipeleka kwa Rogers, muuza dawa za mabwawa. Rogers alipima, akaguna.

"Klorini imo, mama. Kilichozidi ni stabilaiza, ile inayoikinga klorini isiliwe na jua. Imo ndani ya vidonge vyenyewe. Klorini inatumika na kuisha, lakini stabilaiza inabaki na kujazana. Ikizidi, inaifunga klorini mikono."

"Sasa niongeze nini?"

"Usiongeze kitu. Punguza maji, zaidi ya nusu, jaza mapya. Halafu tumia klorini ya unga, isiyo na stabilaiza."

Mwanvita alisita. "Na yule aliyekuwa akitia vidonge?"

"Alitia kweli kweli. Ndiyo maana imefikia hapa."

Mwanvita alipanda Kinole, akamkuta Anselmi akianika mdalasini uani. Yustina, mkewe, alimtolea mgeni kigoda, kisha akaingia ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja kukuomba radhi. Nilikusingizia. Vidonge vyote ulivitia, tena vyenyewe ndivyo vilivyoharibu maji. Sikujua."

"Hata mimi sikujua," alisema Anselmi. "Nilikuwa nalala nawaza, labda kweli nimekosea mahali." Akageuza magome juani. "Nimekusamehe, mama. Lakini kule sirudi. Nikipita mtaa ule, watu wanaita watoto wao ndani."

"Nitawaambia wote."

"Waambie." Kisha akauliza, "Baba anaingia majini?"

Mwanvita alishindwa kumdanganya. "Hataki kushikwa na mtu mwingine."

Anselmi aliinamia mdalasini wake, akaanza kugeuza tena magome aliyokwisha kuyageuza.

Mwanvita aliwapigia simu majirani wale wale. Mmoja alisema hata hamkumbuki mtu huyo. Mwingine alisema, "Sawa, lakini tahadhari si mbaya." Siku hizi maji yake yanaonyesha mpaka chini, na klorini na stabilaiza viko sawa kila anapopima. Mguu wa Mansuri umekakamaa tena. Akimwambia, "Twende, nitakushika mimi," mzee hutikisa kichwa na kugeukia ukutani, naye Mwanvita hukaa karibu yake.