Bati la Taa ya Samaki

Mzungu mmoja aliyekuwa akihama Nguba, mtaa wa hapa Bukavu, alimwachia mume wangu akwariomu, lile sanduku la kioo la kufugia samaki, pamoja na taa yake ndefu. Mume wangu aliingia navyo akiwa bado na abacost yake, ile suti isiyovaliwa tai, imejaa vumbi. Akaniuliza tutavifanyia nini. Mimi nilikuwa nimeshajua.

Papa, baba yangu mzazi, alikuwa ametoka Nyangezi kuja kukaa kwetu kwa sababu ya macho. Yalikuwa yanafifia, lakini kukubali, hakukubali hata kidogo. Kwake yeye, kosa lilikuwa la taa zetu. "Courant ya Bukavu iko bila nguvu, maman," aliniambia, akiulaumu umeme, huku akipapasa meza kutafuta kikombe. Hospitali alikataa katakata. Nilimwamini nusunusu, maana nilitaka iwe kweli. Nikajiambia, nikimwekea mwanga mkali mbele ya pua, pamoja na kitu kinachotembea, nitajua bado anaona kiasi gani.

Taa iliwaka, lakini kwa mwanga hafifu wa kutia huruma. Tukaichomoa kwenye umeme, nikaifungua. Juu ya balbu palikuwa na bati la kurudisha mwanga, lililopaswa kung'aa mithili ya kioo. Lilikuwa limejaa madoa meupe, magumu. Nikakwaruza moja kwa ukucha, nikalionja. Ndiyo, nilionja, nilitaka kujua. Ilikuwa chokaa, ileile inayoganda ndani ya birika. Maji ya samaki yalikuwa yakirukia bati, yanakauka, yanaiacha hapo.

Sasa, mwanamke wa Bukavu nani amfundishe kusafisha bati? Sufuria zangu zikianikwa uani, jirani angeweza kujichania nywele mbele yake. Nikachukua majivu na mchanga, nikasugua kwa nguvu zangu zote kuanzia upande mmoja. Madoa yakatoka. Uso wangu nao ukatoka: pale niliposugua pakawa peupe tu, sijioni tena.

"Umeliua," mume wangu akasema.

Nilikasirika, hasa kwa sababu alisema kweli. Sufuria huvumilia mikwaruzo. Bati lile halikutaka hata mmoja. Upande uliobaki nikaufunika kwa kitambaa kilicholowa maji ya ndimu. Chokaa ikaanza kutoa vipovu, nami nikainamisha sikio nisikie inavyochemka. Ilipolainika nikaifuta polepole kwa kipande cha nepi kuukuu, nikasuuza, nikakausha. Nikayaona meno yangu yote.

Jioni tulirudisha bati juu ya balbu, tukajaza maji, tukawasha. Mwanga ulipiga ukuta mzima, nikapiga vigelegele peke yangu. Tukamkalisha papa karibu kabisa na kioo. Samaki wadogo ambao mume wangu aliwachota ziwani walikuwa bado kwenye ndoo jikoni, tukingoja maji yatulie. Nilikuwa nataka kumweleza hivyo, lakini papa alishaanza kutabasamu.

"Eeh! Leo sasa naona," akasema. "Samaki iko nacheza muzuri, maman."

Mume wangu akanitazama. Ndani ya kioo palikuwa na maji matupu. Moyo uliniuma, na papo hapo nikampenda baba yangu kuliko siku zote.

"Inacheza, papa," nikasema. "Muzuri sana."

Nikavuta kiti, nikakaa naye, nikaanza kumweleza rangi zao.