Mtu Hajiposei Mwenyewe

Siku tuliyogombana na Wamoroko katika ukumbi wa parokia, mwanangu, naikumbuka kama ya jana. Kaa hapo, usinikodolee macho. Nimesikia kwamba nyinyi vijana wa chama chetu mnataka kujitoa kwenye muungano wa vyama vinavyopigania sheria za watoto, eti kwa sababu jambo lenu limewekwa mwisho. Sikukuita nikugombeze. Wewe angalau unanuna kimya kimya. Mimi enzi zangu nilikuwa napiga meza.

Nilikuwa bado kijana, nimeolewa juzi juzi, nakaa mtaa wa Anderlecht huku ugenini na kuhudumia wagonjwa hospitalini kule Jette. Rafiki yangu mkubwa alikuwa Furaha, tuliyetoka naye Bukavu. Furaha alimlea Neema, binti wa dada yake marehemu, tangu hajaota meno. Na kwetu unajua mwenyewe: mdogo wa mama ni mama. Huna jina jingine la kumwita.

Basi Furaha akaugua, akalazwa, ikabidi apasuliwe. Akaja mama mmoja wa ofisi inayoshughulikia watoto, akauliza huyu binti ni wa nani. "Ni mutoto yangu," Furaha akasema. Karatasi zikaonyesha mama mwingine, tena amekwisha kufa. Akaulizwa tena, akajibu vile vile, maana kwake kusema "ni wa dada yangu" kulikuwa kumkana mtoto. Yule mama akaona anadanganywa. Neema akapelekwa kwa familia moja mbali na hapa, watu wema, siwasemi vibaya, lakini kwake ni wageni. Na mjomba wake alikuwepo hapa hapa mjini! Nilikuwepo mimi! Hakuna aliyetuuliza, kwa kuwa sheria haikumlazimisha mtu yeyote kuuliza.

Furaha akapona, mtoto hakurudi. Nani amrudishie mtoto mtu aliyeandikwa kuwa mwongo? Akaruhusiwa kumwona mara moja moja, katika chumba chenye midoli, na mtu wa tatu amekaa pembeni anawasikiliza. Akitoka huko alikuwa hali chakula. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini nakwambia, yule hakuzaa na uchungu aliujua.

Ndipo tukaingia kwenye muungano. Walikuwemo wenyeji Waflamandi, Wapolandi, Wamoroko wa Molenbeek, watu wa kila namna, wote wanadai sheria kwa ajili ya watoto. Kulikuwa na mbunge mmoja aliyekubali kutusikiliza, naye alituambia wazi: leteni mambo matatu; mkileta zaidi, bunge halitachukua hata moja. Loo! Kila chama kikaleta la kwake, na kila la kwake ndilo la kwanza. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Aliyenikera zaidi ni mzee Driss, mwuza vitambaa wa Molenbeek. Yeye alitaka watoto wenye ulemavu wapate shule karibu na nyumbani, kwa sababu walikuwa wakizungushwa ndani ya basi tangu gizani. Mimi nikasimama, nikamwambia, "Basi lako linaweza kungoja. Sisi mtoto wetu amechukuliwa!"

Akanitazama. "Mjukuu wangu anajikojolea njiani kila asubuhi, madame. Yeye angoje mpaka lini?"

Nikageukia watu wetu, nikasema twendeni, tunajitoa. Nilikwisha vaa koti. Furaha peke yake hakuinuka, alikuwa ameinamisha kichwa.

Maman Nabintu ndiye aliyenishika mkono. Alikuwa mkubwa wa chama chetu, mjane wa Bukavu, hata wachungaji walimwogopa. "Yoo, mutoto ya bantu, ikala kwanza," akasema. "Siku balikuya kukuposa, ni bwana yako ndiye alisema?"

"Hapana, maman. Alisema mjomba wake."

"Na yeye?"

"Alikaa kimya."

"Alinyamaza juu ya nini? Hana kinywa?"

Akajijibu mwenyewe, sauti juu, ukumbi mzima unasikia. "Juu muntu hajiposei mwenyewe! Akijisifu, nani atamuamini? Bon. Sasa juu ya nini nyinyi bote muko najiposea?"

Wale wenzetu hawakuelewa neno. Akageuka akawaeleza kwa Kifaransa chake cha kupigana: kwetu mwenye kuposa hunyamaza, huleta msemaji. Watu wa Pwani humwita mshenga. Donc, kwa hiyo, akasema, kuanzia sasa kila chama kisemee jambo la wengine, na jambo litakalokosa msemaji kutoka nje ya chama chake lisiende bungeni.

Kila mtu akamtazama jirani yake, mwanangu. Nilimtazama Furaha. Ikiwa hakuna atakayenyosha mkono, Neema ndiyo kwaheri. Na nani angeunyosha, baada ya maneno niliyoyatoa mimi?

Aliunyosha mzee Driss. "Nitamsemea yule binti wa Kongo," akasema. Hakunitazama.

Sasa na mimi ningefanyaje? Nikachukua la kwake. Nikapanda lile basi na mjukuu wake alfajiri, nikashuka nalia. Yeye akaenda kwa Furaha, akanywa chai, akauliza mpaka akaelewa. Vyama vingine vikafanya vivyo hivyo, na mengi yakaanguka yenyewe. Mshika mawili moja humponyoka, sembuse mwenye kushika kila kitu. Yakabaki matatu, la mzee Driss likiwamo, na letu likawa la tatu. Safari hiyo sikupiga meza.

Bungeni, mzee Driss alisimama na koti lake la Ijumaa. Mbunge mmoja akamwuliza, "Mzee, huyu mtoto ni wako?"

"Hapana," akasema. "Ndiyo maana mnaweza kuniamini." Kisha akawaambia: "Kwetu dada wa mama ni khalti, kwao ni mama mudogo. Nyinyi neno hilo hamna, basi wekeni sheria. Kabla ya kumpeleka mtoto kwa wageni, ulizeni kwanza ni nani mwingine anayemwita mama."

Nililia mbele za watu, na sioni aibu kukwambia.

Sheria ilipita, lakini pole pole, kama mambo yote ya hapa. Shauri la Neema likafunguliwa upya, akarudishwa. Alikuwa amerefuka, na Kiswahili kimemtoka. Alisimama sebuleni na begi lake mgongoni, akauliza kwa Kifaransa kama anaruhusiwa kukaa. Kwao! Furaha akakimbilia jikoni. Neno maman lilirudi, ndiyo, lakini si siku ile wala mwezi ule.

Na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Zile wiki tulizoshindana nani awe wa kwanza, hatukuzitoa mfukoni mwetu. Tulizitoa kwenye utoto wa Neema, na wa yule mjukuu wa kwenye basi.

Kwa hiyo usijitoe, mwanangu. Kesho rudi kwenye mkutano, usiseme la kwako hata kidogo. Uliza wa pembeni yako analilia nini, nenda kaone kwa macho yako, kisha ulibebe mpaka mbele ya wabunge. La kwako mwachie mwenzako. Ukiona hakuna anayelitaka, usiwalaumu. Jiulize kwanza ni nani uliyepata kumsemea.

Nenda sasa. Mungu akupe ulimi wa kumtetea mtoto usiyemzaa, na siku wako atakapokuwa mbali nawe, akuinulie mtu usiyemjua, asimame, aseme, "Si wangu, lakini mrudisheni."