Alama Aliyoifuta Clarice

Mara tatu yule binti wa maktaba amegonga mlango wangu, eti nimwandikie habari za Clarice Hallam. Mimi na kalamu hatukuwahi kupatana. Shule niliiacha na miaka kumi na mitatu, na vidole vyangu vimekufa ganzi. Yeye ana vidole kumi vizima na kazi yake ni vitabu. Haya, naandika mara moja tu, na anayeona herufi zangu zimepinda azinyooshe mwenyewe.

Clarice alikuwa mng'arishaji. Hapa Sheffield, mji wa visu wa Uingereza, kisu hutengenezwa na wanaume kikang'arishwa na wanawake, na wanawake wenyewe ndio sisi: kilemba chekundu kichwani, aproni ya karatasi ya kaki, magazeti tumejifunga miguuni kwa kamba, na mchanga wenye mafuta ukiturukia kutoka kwenye gurudumu la kung'arishia mpaka jioni hujui uso wa nani ni upi. Alianza akiwa na miaka kumi na minne. Kisu kilichotoka mkononi mwake hakikuwa na mkwaruzo hata wa unywele. Msimamizi alikuwa akikiinua dirishani na kutuambia sisi wengine, "Tazameni, enyi vipofu." Clarice hakutabasamu. Alijua thamani yake, na alitaka na wengine waijue bila yeye kusema.

Mumewe, Wilf, alikuwa fundi ghorofa ya juu. Alitengeneza visu vya kukunja vya mabapa matatu, mpini wa pembe. Kisu cha bapa moja hata mlevi ataunga. Cha matatu kina kazi, kwa sababu mabapa yote yanalala kwenye uwazi mmoja mwembamba, na yakigusana yanakwaruzana na kuharibiana. Fundi huyapinda kidogo kwa nyundo, hili huku, lile kule, pindo ambalo jicho halilioni, ili yapishane kama watu wenye adabu kwenye ngazi nyembamba. Wilf alijua kuyapinda. Halafu akimaliza, alichukua tupa na kukata kijikato chembamba mgongoni mwa springi, ule utepe wa chuma unaobana mabapa kwa nyuma, karibu na ribiti ya mwisho, msumari unaoshika mpini. Hakikuwa na kazi yoyote. Alikiweka ili Clarice akione.

Alianza mchezo huo kabla hawajaoana, na hakuuacha. Kila jioni wakipanda mlima kwenda nyumbani mazungumzo yalikuwa yale yale.

"Umeviona vyangu leo?"

"Nimeviona."

"Ukavifanyaje?"

"Nikafuta. Ulitaka nifukuzwe kazi kwa ajili ya mikwaruzo yako?"

"Kesho nitakata kwa kina zaidi."

"Kata. Gurudumu langu halijashiba."

Miaka ishirini na sita: Wilf anaweka, Clarice anafuta. Wilf alipokufa kwa kifua, Clarice alikichukua kisu chake mwenyewe, alichotembea nacho tangu ujana, akakitia mfukoni mwa suti aliyozikwa nayo. Dada yake alimshika mkono. "Clarice, baki nacho. Huna mtoto, huna kitu chake kingine."

"Mwache nacho. Vya kwake vimejaa kiwandani, maelfu."

Miaka tisa baadaye kiwanda kikafungwa. Mtu mmoja kutoka London alinunua kila kilichobaki, mashine na akiba, kwa mkupuo. Lakini alikubali jambo moja: wazee wa zamani waje Jumamosi asubuhi, kila mtu achague kisu kimoja kabla ya saa sita. Clarice alivaa koti lake la kanisani, akaweka peni moja ndani ya glavu ya kushoto. Kwetu kitu chenye makali hakipokelewi bure, kinakata upendo. Lazima utoe sarafu, hata ndogo.

Mimi nilikwenda naye. Visu vilikuwa vimepangwa kwenye trei za mbao juu ya meza ndefu, na karani wa yule mnunuzi, mwanamume mnene mwenye mafua, alikaa mwisho wa meza na saa yake.

"Kimoja tu, mama," alisema.

"Nimesikia," akajibu Clarice, ingawa hakusikia. Alimsoma midomo. Masikio yake yalikwenda na mashine zamani.

Akaanza. Watu wengine walichagua kama wanavyochagua viazi, hiki kina pembe nzuri, hiki kinang'aa. Clarice aliinua kimoja kimoja dirishani. Aliangalia kama mwanga unapita kati ya springi na ubavu, ukipita, anakirudisha. Alifungua bapa kubwa, akapapasa mgongo kama uko sawa, akalifunga, akapapasa tena. Alifungua yote matatu na kuyafunga pamoja, akachungulia kama yanagusana. Vibovu alivitupa upande mmoja bila huruma. Mwisho akabaki na visu kumi na vinane ambavyo hata mfalme asingevitia dosari. Kuchagua kisu kizuri aliweza. Alikuwa anatafuta cha Wilf.

Akavigeuza migongo. Cha kwanza, laini. Cha pili, laini. Alivua glavu akapitisha ukucha, maana ncha za vidole hazikuwa na hisi tena. Kumi na vinane vyote migongo yao ilikuwa kama kioo. Nilimwona anatazama ule mng'aro, na niliujua ni wa nani. Hakuna mwingine mjini aliyeweza kufuta hivyo.

Nyuma yetu alisimama Percy Dungworth. Percy alikaa benchi moja na Wilf miaka yote ile, na Clarice hakuwa amemsemesha tangu siku ya mazishi, kwa sababu siku hiyo, mezani, kikombe cha chai mkononi, Percy aliwaambia watu kwamba Wilf alitaka kuacha vumbi la hapa akalime na kaka yake mashambani, mkewe ndiye aliyekataa kuacha gurudumu lake. Ilikuwa kweli. Ndiyo maana hakumsamehe.

Saa tano na nusu Clarice aligeuka.

"Percy. Una masikio bado?"

"Moja, dada. Na lenyewe kwa zamu."

"Visikilize hivi. Uniambie kipi chake."

Percy hakumkumbusha chochote. Alivua kofia, akainama, akawa anafunga mabapa moja baada ya jingine, tak, tak, tak, kama anasikiliza kifua cha mgonjwa. Karani akapenga kamasi, Percy akamtazama mpaka akanyamaza. Alipomaliza cha kumi na nane alikirudisha pamoja na vingine.

"Nusu ni vyake," alisema, akimwelekezea uso ili amsome. "Nusu ni vyangu. Alinifundisha yeye, Clarice. Vinalia sawa."

"Alama, je?"

"Alama uliifuta, dada. Tulikuwa tunacheka kule juu. Wilf anasema, nampelekea barua, anaisoma, anaichoma."

Clarice aliinamisha kichwa juu ya trei. Percy akakohoa, akaokota kimoja ghafla, akamgusa bega atazame. "Hiki. Ngoja. Hiki ndicho, nakikumbuka pembe yake."

Clarice akakipokea. Akakifungua taratibu, bapa dogo mwisho, akalitazama pindo lake kwa muda mrefu.

"Percy."

"Naam."

"Hukuwahi kujua kusema uongo, hata ulipokuwa kijana."

"Kichukue tu, dada. Nani atajua?"

"Mimi."

Akakirudisha kwenye trei, akavaa glavu. Saa sita karani alimimina vyote kwenye gunia, vizuri na vibovu, na mlio wake Clarice hakuusikia.

Tulipanda mlima kwa mvua. Hapo ndipo nilipomwambia nililolinyamazia miaka thelathini. Wiki aliyomzika mama yake, mwaka wa hamsini na tatu, wiki pekee aliyokosa kazini, mimi ndiye niliyewekwa kwenye gurudumu lake. Sikuwa na jicho lake wala haraka yake. Visu vya Wilf vya siku zile sita vilipita mkononi mwangu na vijikato vyao, nikaviona, nikaona uvivu, nikaviacha.

Alisimama. "Vilikwenda wapi?"

"Masanduku yaliandikwa Mombasa."

"Basi viko Mombasa," alisema, "na mimi niko hapa." Akaendelea kupanda. Hakulitaja tena, na Februari tulimzika. Ile peni niliikuta bado ndani ya glavu.

Sasa wewe unayesoma. Kama babu yako aliacha kisu cha kukunja, mabapa matatu, mpini wa pembe, jina la Sheffield shingoni mwa bapa, usikae kitako. Kitoe huko kabatini. Kifunge, kigeuze mgongo, uweke mwangani, utazame karibu na ribiti ya mwisho. Ukiona mstari mwembamba usiusugue, hata kama una kutu. Niletee. Peni ya kukupa ninayo.