Maneno ya Baba Yaliyotoweka Kwenye Kioo

Baba yangu alistaafu ualimu akarudi Miteja na kazi moja kichwani: kukusanya maneno ya Kimatumbi ambayo wajukuu wake hawayajui. Anayaandika kwenye kompyuta ya mezani niliyomnunulia ikiwa imeshatumika, kuukuu kiasi kwamba ukiiwasha unaweza kwenda kuchota maji ukarudi, bado inajifikiria. Anabonyeza kwa kidole kimoja, polepole, wala hachoki. Mimi nisingemaliza hata herufi ya kwanza.

Siku moja nilitoka Kilwa Masoko kwenda kumsalimia, nikamkuta ameketi mbele ya kioo kitupu. Picha ya maua ilikuwepo, lakini aikoni zote zilikuwa zimetoweka, na faili la maneno yake lilikuwa miongoni mwazo. Mimi ndiye niliyemfundisha kuliweka pale mbele. Pengine pa kulitafuta hakupajua, na kusema kweli hata mimi sikupajua.

"Nilibofya kitu," alisema. "Sijui kitu gani."

Nikazima, nikawasha. Hola. Nikampigia mdogo wangu wa kike aliyeko Lindi, maana kazini kwake anashinda na kompyuta. Mtandao wa Miteja ni wa kubahatisha, sauti inakuja vipande vipande. Nikamweleza, naye akajibu, "Zimefutwa hizo, kaka," halafu simu ikakatika.

Mori ukanipanda. Niliilaani kompyuta, nikamlaani aliyeniuzia, nikataka kung'oa nyaya niitupe nje. Kazi yote ya mzee imekwenda na maji! Nilifoka kwa sababu nilikuwa karibu kulia.

Baba alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Kisha akavuta rundo la karatasi za mitihani ya zamani, akageuza upande usioandikwa, akachukua kalamu.

"Haya," alisema. "Tulianza na neno gani vile?"

Akajijibu mwenyewe, akaanza kuandika. Nilisimama nikiutazama mkono wake ukishuka na karatasi, mstari baada ya mstari, bila lawama kwa mtu yeyote. Nilijivunia kuwa mtoto wake kuliko siku nyingine yoyote.

Simu ikaita. Alikuwa mdogo wangu. "Mbona ulikata? Bofya kitufe cha kulia cha mausi pale patupu, utaona mahali pa kuonyesha aikoni. Weka tiki."

"Si umesema zimefutwa?"

"Zimefichwa, kaka! Zi-me-fi-chwa!"

Nikafanya alivyosema. Zikarudi zote kwa mpigo. Nikalifungua faili, nikalipitia mpaka chini, halikupungua kitu.

"Baba, acha kuandika! Yote yapo!"

Hakuacha. Alimalizia mstari wake, ndipo akanipa karatasi. "Alhamdulillahi. Basi niongezee na hili, kule halimo. Nililisahau tangu bibi yako alipofariki."

Neno lenyewe sikulijua. Lakini pembeni alikuwa ameandika maana yake kwa Kiswahili, kwa mwandiko wake wa ubaoni: mtu anayefoka kabla hajaelewa.

"Umelikumbukaje?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nakusikiliza wewe."