Dirisha Lisilopitisha Kikombe

Ipo siku moja ninayoikumbuka kwa gharama zake: shati jipya, mchana mzima wa Jumamosi, na madirisha ishirini na tatu. Nimehesabu mara mbili, kama ilivyo kawaida yangu, na jumla haijabadilika. Faida nitakutajia mbele ya safari, mwanangu unayesomea uinjinia. Kwanza tukubaliane juu ya gharama, ili tusije kugombana mwishoni.

Nilikuwa kijana mwenye cheti cha ufundi kilichokuwa bado kinanukia wino, na karakana ya mabati Mwananyamala, si mbali na hospitali. Nilitengeneza grili za madirisha. Wezi wakati ule hawakuwa na mapumziko, na kila aliyenunua luninga leo, kesho alikuwa mlangoni kwangu kuuliza bei ya nondo. Sie tuliotoka milimani Upare tunasemwa kwamba hatuachi senti ianguke chini. Sikuwahi kubishana na maneno hayo, maana kubishana nako kunakula muda. Kazi yangu niliitangaza kwa maneno machache: kwa Eliamini, hata paka haingii. Na kweli paka hakuingia. Nilipanga nondo zikaribiane, nikazamisha miguu yake ukutani kwa saruji, nikachomelea kila zilipokutana. Aliyeniita fundi nilimsahihisha kwa upole: injinia.

Mmoja wa wateja wangu alikuwa Bi. Sakina, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa na nyumba kule Mikocheni. Wezi walikuwa wamempitia mara moja wakaondoka na luninga na cherehani. Kupatana naye bei kulichukua siku mbili. Nimepatana na watu wengi katika maisha haya, lakini yule hakuomba kupunguziwa hata mara moja. Alikuwa anakutazama tu, mpaka wewe mwenyewe unaionea aibu bei yako. Mumewe, Mzee Abbas, alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili haukumtii tena, akawa mtu wa kushinda kitandani katika chumba cha nyuma, na maneno yake yakawa yanatoka moja moja. Chumba chake ndicho nilichokiwekea grili nzito kuliko zote. Nilidhani namheshimu.

Jumamosi hiyo nilikwenda kuchukua malipo yaliyobaki, nimevaa shati jipya ili nionekane mtu wa kulipwa. Bi. Sakina alizunguka nyumba nzima akigonga kila grili kwa ufunguo na kusikiliza mlio wake, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Kisha akaniambia nikaangalie kona ya dirisha chumbani kwa mzee. Nikaingia. Mlango ukafungwa nyuma yangu. Nikadhani ni upepo, ila upepo hauzungushi ufunguo.

"Injinia," akasema kutoka upande wa pili, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani, "jikoni kunaungua. Moto umeshafika kwenye mlango huu. Nitolee mume wangu."

Nikacheka. Hakuna aliyecheka nami. Nikagonga, nikaita, mlango haukufunguliwa. Nikaenda dirishani, nikazishika nondo kwa mikono miwili nikavuta, kisha nikasukuma kwa bega. Ncha ya chuma niliyokuwa mvivu kuisaga ikalidaka shati na kulichana kutoka begani mpaka kiunoni. Grili haikutikisika. Ilikuwa kazi nzuri, mwanangu, nasema hivyo bila kujisifu. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema kwamba akishaingia hukuta kisima kimechimbwa vizuri.

Mzee Abbas alikuwa ananitazama kutoka kitandani. Akayakusanya maneno yake polepole, akanipa.

"Tutakufa," akasema. "Lakini hatutaibiwa."

Sijui kama wewe umewahi kusifiwa namna hiyo. Nikakaa sakafuni.

Baada ya muda Bi. Sakina akatokea nje ya dirisha na chai. Akanipitishia kikombe, hakikupita. Akajaribu juu, akajaribu chini, bila haraka, kama mtu anayetaka kunitendea haki. Kisahani kilipita kwa ubavu. Chai ilibaki nje.

Nikajitetea, maana kijana hujitetea hata akiwa amekaa sakafuni. Nikamweleza kwamba chuoni tulifundishwa kupima dirisha litastahimili nguvu kiasi gani kutoka nje. Habari za mtu aliye ndani hakuna aliyetufundisha. Akaniuliza nilimaliza kusoma lini.

"Mwaka juzi, mama."

"Ndiyo maana," akasema. "Ukimaliza kusoma wewe, sie ndio tunaanza kusomewa."

Sie Walutheri hatusomewi hitima, kwa hiyo neno lile lilinichelewa. Mzee Abbas alilipata kabla yangu. Kitanda kilikuwa kinatikisika kwa kicheko chake cha upande mmoja. Wenzetu Waislamu mtu akifariki hukaa pamoja wakamsomea. Mama yule alikuwa ananiambia kwamba siku fundi anapofunga daftari lake, wateja wake ndio wanaofunguliwa msahafu.

Akanifungulia. Malipo yaliyobaki hakunipa. Alisema nimeleta nusu ya dirisha, nusu ya kuzuia kuingia, na nusu ya kutoka bado anaisubiri. Nilitaka kubishana, lakini nilipoirudia hesabu yake mara ya pili niliikuta iko sawa.

Basi nikaanza kusoma upya, bila darasa wala mwalimu mmoja. Grili yangu ya kwanza ya kufunguka niliitia bawaba na kufuli. Bi. Sakina akaja karakana, akaifunga, akatia ufunguo mfukoni, akasema yeye sasa yuko dukani, nani anafungua? Ya pili niliitia komeo kwa ndani, na mwanafunzi wangu akalifungua kutoka nje kwa kupenyeza mkono. Nikaenda kwa waunda mabodi ya mabasi, nikatazama dirisha la dharura linavyoachia kwa kuvutwa mara moja, na grili ya tatu nikaiunda hivyo, ya kuvutwa kutoka ndani tu. Nikaenda hospitali, nikamuuliza muuguzi mmoja mtu asiyeweza kusimama hutolewaje chumbani upesi. Hakunieleza. Alitandika shuka sakafuni, akaniambia nilale, akaniburuta ukumbi mzima mbele ya wagonjwa waliokuwa wakisubiri dawa, mmoja akauliza kama huyo naye anatibiwa au anaadhibiwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba kosa halikuwa la nondo peke yake. Dirisha lenyewe la mzee lilikuwa juu mno, na anayeburutwa kwa shuka haruki. Nikamwita mwashi, tukavunja ukuta, tukalishusha dirisha mpaka usawa wa godoro. Ukiona vyaelea vimeundwa, mwanangu, lakini usidhani wanaoviunda ni watu wa karakana peke yao.

Nikalipwa. Ila ukishajua jambo huwezi kulirudisha dukani. Nilianza kupita Mwananyamala nikiyatazama madirisha yangu, na kila dirisha nililoliona lilikuwa na watu nyuma yake wanaokula, wanaosali, wanaotandika vitanda. Nikaamua kuwarudia wenyewe niyakate na kuyatia bawaba, bila malipo.

Hapo nilijifunza kwamba kugawa bure ni biashara ngumu kuliko zote. Mtu uliyemuuzia usalama hataki kusikia unakuja kuukata. Wakanong'ona kwamba Eliamini amekula njama na wezi. Mama mmoja aliniambia wazi: fundi akija kukata grili bure, muulize rafiki yake anaitwa nani. Wengine walinitaka niwalipe kwa usumbufu wa kelele, na mie, Mpare, nikapatana nao, nikalipa. Nilifungua madirisha ishirini na tatu. Mwalimu mmoja mstaafu, mtu mwema, alikataa katakata, akasema rahisi hugeuka ghali. Nilimwendea tena na tena mpaka akaacha kunikaribisha ndani. Mpaka leo nikisikia king'ora cha zimamoto, shingo yangu hugeuka upande wa nyumba ile.

Nilikuahidi faida. Miaka ilipita, na adhuhuri moja waya wa jokofu ukashika moto jikoni kwa Bi. Sakina. Moto ukala jiko na ukumbi mpaka mlangoni kwa mzee, kama mama mwenyewe alivyokuwa amenihadithia. Yeye na dada wa kazi, waliokuwa chumbani kwa mzee, wakavuta dirisha, wakamvuta mzee kwa shuka. Nilipofika nilimkuta Mzee Abbas amekalishwa barazani kwa jirani, amevaa kikoi na hasira, anauliza nani ameiacha redio yake. Aliponiona alitulia. Akayakusanya maneno yake.

"Paka katoka," akasema.

Aliishi miaka mingine mingi, akafariki kitandani kwake, familia ikiwa imemzunguka. Nilikwenda kwenye hitima yake, nikakaa nyuma karibu na viatu, nikasikiliza akisomewa. Kwa wakati wake.

Sasa mie ndiye mzee. Naishi Gongo la Mboto kwa kijana wangu wa kwanza, Elisha, na mkewe, na binti yao Upendo wa miaka minne, ambaye akiona mlango wazi huona Barabara ya Pugu na kutaka kwenda kuisalimia. Kwa ajili yake Elisha ameweka kitasa kipya kinachosoma kidole, nje na ndani pia. Kijana aliyekuja kukifunga alikuwa na adabu, shikamoo alinipa akiingia na akitoka. Vidole vya Elisha vikasomwa, vya mkewe vikasomwa. Vyangu havikusomeka. Moto, chuma na mashine ya kusagia vimefuta mistari yote. Hata siku ya kusajili laini ya simu mtambo ulinitafuta, haukunipata. Sauti ya kike ndani ya kitasa ikaniomba kwa Kiingereza nijaribu tena. Nimejaribu tena mara nyingi mpaka sasa tunafahamiana. Kijana akasema atarudi kulishughulikia tatizo hilo. Nikamuuliza amemaliza chuo lini.

"Mwaka juzi, babu."

Nilicheka mpaka akaingiwa na wasiwasi. Sikumfungia chumbani. Mie sina ubavu wa Bi. Sakina, na siku hizi ingefika polisi.

Wiki iliyofuata nilibaki nyumbani na Upendo. Nikabandika makande yapate moto, nikakaa, usingizi ukaniiba. Nilipoamka maji yalikuwa yameisha sufuriani na moshi umejaa mpaka darini, mtoto anakohoa. Nikazima gesi. Nikaenda mlangoni, nikaweka kidole gumba, nikaweka cha shahada, nikavilamba nikaviweka tena. Jaribu tena, ikasema sauti. Kijana aliyekiweka hakuwa mjinga wala mbaya, alikuwa anamlinda mtoto, kama mie nilivyokuwa namlinda Mzee Abbas. Mlinzi mwenye upendo hufunga kwa nguvu kuliko wote.

Bahati nzuri grili za nyumba ile nilizitengeneza mwenyewe. Nikavuta dirisha la chumba cha mtoto, nikampitisha Upendo, nikafuata mie, mguu mmoja ndani, mmoja nje, na goti la tatu sikulijua nililitoa wapi. Jirani yetu Mama Zawadi alikuwa anaanika nguo. Akanitazama muda mrefu.

"Shikamoo mzee," akasema. "Unatoka au unaingia?"

"Marahaba. Natoka."

"Haya. Nimeuliza tu, nisije nikapiga yowe bure."

Basi, mwanangu, nasaha zangu ni hizi. Chochote utakachokiunda, kiwe daraja, mtaro au kitasa, kitakuwa na watu upande usiouona. Nenda ukakae upande huo kabla hujadai malipo. Lala kwenye kitanda cha mgonjwa, kubali kuburutwa kwa shuka, weka kidole cha mzee mahali pa kidole chako. Waulize wauguzi, waulize wenye maduka, umuulize na yule anayekukasirisha, maana kuuliza si ujinga, na mteja mgumu ni karo ya shule ambayo analipa yeye. Na usiseme umemaliza kusoma. Sema umefika hapo ulipofika. Elimu haina mwisho. Tumeyaandika maneno hayo kwenye kuta za shule nyingi mpaka tumeacha kuyasoma, lakini kuna watu wanaolala nyuma yake na kuamka salama.

Mungu akupe mikono yenye kazi na masikio yenye nafasi. Akupe wateja wa kukufungia mlango ungali kijana, wakati shati likichanika unaweza kununua jingine. Unachokijenga kikuheshimu uzeeni, na watakaokaa ndani yake wakutaje kwa wema.

Nimekupa yangu, sasa nilipe. Sitaki fedha, nataka ushauri. Wewe unayesoma mambo haya, niambie: mlango umjue vipi mtu ambaye kazi imemfuta vidole, bila kumwachia njia mtoto wa miaka minne? Magoti yangu hayalivuki tena dirisha lile, na vitasa kama hivyo sasa viko nyumba tatu za jirani, ambazo grili zake sikuzitengeneza mie. Kitabu cha maelekezo ninacho, nimekwama ukurasa wa nne. Njoo tukisome pamoja, jioni yoyote, chai ipo. Mie bado sijamaliza kusoma, na sina haraka ya kusomewa.